Kadenasi Nje, Watoto Ndani

Ndugu zangu wa Mususa, na ninyi wa mitaa mingine mtakaosomewa maneno haya, sina hamu ya kuyaandika. Nimeyasimulia kwenye vilio, nimeyasimulia kwenye foleni ya dawa, nimemsimulia hata padri mmoja aliyenisikiliza huku akiangalia saa yake. Nimechoka nayo. Lakini watu wana tabia ya kusema pole, kutikisa kichwa, kisha kwenda nyumbani kufanya kosa lile lile. Basi nayaandika.

Mniruhusu nianze na Jumapili moja nzuri, kwa sababu ilikuwepo.

Ilikuwa mwaka ule wa kwanza wa vita, nchi yetu bado inaitwa Zaire. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi wakati wa misa, na mchana jua likatoka. Mimi Godelive, msaidizi katika zahanati ndogo ya mtaa, nilikuwa nimeketi mlangoni kwangu nikikata shuka kuukuu kuwa bendeji. Ng'ambo ya njia ilikuwa nyumba ya Siméon Kambere, mfanyabiashara wa vitenge, sabuni na chumvi. Mbele ya nyumba palikuwa duka, nyuma ndiyo vyumba vya familia. Mke wake Masika alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Tamar, binti yao mkubwa wa miaka kumi na moja, alikuwa anasuka nywele za mwanasesere wa majani ya migomba. Phinées wa miaka sita alikuwa anasukuma rimu ya baiskeli kwa kijiti na kumgonga kila mpita njia.

Na Sifa, mdogo wao wa miaka miwili, alikuwa na kazi yake. Anachukua punje moja ya maharagwe kwenye ungo wa mama yake, anavuka njia taratibu kwa ile miguu mifupi, ananiwekea mkononi. Nisipomwambia "wasingya" haondoki. Nikishukuru, anarudi kuchukua nyingine. Mpaka saa kumi nilikuwa na maharagwe ya kutosha mboga ya mtu mmoja, na Masika alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Mama Gode, huyu mutoto atanimalizia chakula," akasema.

"Umuache," nikamjibu. "Anajua mahali kuko njaa."

Saa kumi ndipo yalipotokea magari kutoka upande wa Lubero. Malori matatu, yamejaa magodoro, mbuzi, friji, na juu yake wake za wanajeshi na watoto wao. Hawakusimama kununua hata ndizi. Issaka, jirani yetu Mwislamu anayesafirisha mizigo, alikuwa anaosha lori lake mbele ya nyumba yake. Aliacha kitambaa ndani ya ndoo akayatazama mpaka yakapotea upande wa Beni.

"Bibi za basoda bakitangulia," akasema, "bwana zao bako nyuma."

Masika alikusanya maharagwe yake akaingia ndani.

Sasa niwaambie habari za Siméon, maana sitaki mumwone kama mnyama. Nilimjua angali kijana, akitembeza sabuni kichwani kutoka soko hadi soko. Duka lile alilijenga kwa mgongo wake. Miaka mitatu kabla ya siku ninazosimulia, wanajeshi waliporudi mitaani kupora, walimchukulia kila kitu, hata mlango. Alianza upya. Aliweka mlango wa chuma wenye mabawa mawili, madirisha yote akayatia nondo, na bati akalipigilia misumari mingi kuliko inavyotakiwa. Tangu hapo alikuwa mtu wa kuamka mara kwa mara kwenda kugusa mlango wake. Mkewe aliniambia hivyo, na wakati ule tulicheka.

Jumatatu asubuhi mji wetu wa Butembo ulikuwa umegeuka. Watu walikuwa wanapanda milimani na vitanda kichwani. Issaka aliwasha lori lake akapita avenue nzima akipiga honi, akawaita wote wenye watoto. Alikuwa anaelekea barabara ya Manguredjipa, kuwashusha watu kwenye mashamba ya ndani ambako magari ya jeshi hayafiki. Mimi wakati huo nilikuwa njiani kwenda zahanati, nikasikia mwanzo tu wa mazungumzo yake na Siméon. Mengine nimeyapata kwa Issaka mwenyewe.

Masika alikuwa ameshatoka. Mgongoni ana Sifa, mkononi ana fuko lenye nguo, sufuria na kadi za ubatizo. Tamar na Phinées wako nyuma yake. Siméon akatoka na ballot, robota zima la vitenge, begani.

"Ndugu Issaka, niko na ballot kumi na mbili na magunia ya chumvi. Tupakize hii kwanza, batoto batakaa juu."

"Hapana, Papa Tamar. Leo gari ni ya batu."

"Nitakulipa mara mbili."

"Hata mara kumi. Ballot yako hailie, haiogope, haiko na roho. Niache mama mwenye mimba hapa barabarani sababu ya kitenge? Mungu ataniuliza nini? Panda weye na bibi yako na batoto, tuende."

Siméon akatazama lori, akatazama duka lake.

"Tukiacha nyumba, tutarudi kukuta kuta."

"Mais lakini kuta zitakuwa na batu ba kuzikalia," Issaka akasema.

Masika alikuwa ameshaweka mguu kwenye gurudumu. Mguu mmoja, ndugu zangu. Siméon alimshika mkono akasema neno moja tu, "Ngoja," naye akateremka. Issaka alisubiri kidogo, watu wakampigia kelele, akaondoa gari. Alidhani Siméon angewapeleka kwa kaka yake, mwenye shamba upande wa barabara ya Beni. Ndivyo hata mimi ningedhani.

Siméon alikuwa na mpango aliousikia sokoni, kwa wafanyabiashara wenzake. Unafunga kadenasi, yaani kufuli kubwa, nje ya mlango. Mwanajeshi akipita anaiona, anajua wenye nyumba wamekimbia, haiti mtu, hapigi mtu. Na ndani unaacha watu wa kulinda vitu, ili majirani wenye tamaa wakija kuvunja wasikie kikohozi wakimbie. Mlango wa nyuma aliupigilia mbao na kuuzibia kwa magunia ya chumvi. Akawaingiza mkewe na watoto watatu, akawaachia bidon moja ya maji ya lita kumi, biskuti na sukari.

"Nitapeleka ile bitenge mizuri kwa yaya na kinga," alisema. Yaya ni kaka yake mkubwa, kinga ni baiskeli. "Saa sita niko hapa. Musiwashe moto. Musiseme kwa sauti. Na musikilize vizuri: hata mutu akiita kwa majina yenu, hapana kujibu. Basoda banashika majirani, banabalazimisha kuita."

"Na kama kuko shida?" Masika akauliza.

"Shida gani? Ni saa sita tu."

"Papa Tamar, utuachie funguo. Tutafunga kwa ndani."

"Ikifungwa kwa ndani, watajua kuko batu. Donc basi haifai."

Tamar aliniambia kwamba alisikia kadenasi ikibana, kisha sauti ya baiskeli kwenye kokoto. Ufunguo Siméon aliutia kwenye kamba akauvaa shingoni, ndani ya shati, mahali watu wengine wanapovaa rozari.

Hakufika hata kwa kaka yake. Pale mji unapoishia palikuwa na kizuizi cha kamba na pipa. Wanajeshi waliokuwa wanakimbia vita walichukua baiskeli, wakachukua vitenge, kisha mmoja akamwekea kichwani sanduku la risasi, akamwamuru kwa Kilingala abebe, waende.

"Papa, mema! Tokende!"

Kulala njiani, kuamka, kutembea. Wakimaliza mtu mmoja wanachukua mwingine. Hivyo ndivyo Siméon alivyokwenda Beni kwa miguu, na ufunguo wa mlango wake unamgonga kifuani kila hatua.

Mimi nilirudi nyumbani Jumatatu hiyo saa nane kuchukua nguo. Niliona kadenasi ile nyeusi kwenye mlango wa Siméon. Nitawaambia kweli: nilifurahi. Nilisema, asante Mungu, hawa wamepanda lori la Issaka. Nikapita.

Jumanne risasi zilisikika kwenye barabara kubwa, kule kwenye maduka makubwa. Kwetu ndani hawakuingia. Mchana zikatulia kidogo. Muuguzi wetu Melchior akanipa mfuko wenye kinini cha malaria, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na kibandiko cha vidonda, akaniambia nipite nyumba kwa nyumba nione nani amebaki, wazee hasa. Nikapita avenue yetu nikigonga. Nilipofika mbele ya duka la Siméon nikasikia kitu. Kilio kidogo, kama cha mtoto aliyechoka kulia. Kikakatika.

Nikagonga chuma kwa kiganja. "Mama Tamar! Mama Tamar, uko? Ni miye Godelive!"

Kimya.

Nikaita tena. Nikatazama kadenasi. Ilikuwa imefungwa vizuri, na kadenasi haijifungi kwa nje. Nikasema ni paka ameingia darini. Nikaondoka na mfuko wangu.

Masika alikuwa nyuma ya mlango ule, hatua mbili kutoka kwangu, ameweka kiganja kwenye mdomo wa Sifa. Mtoto alikuwa amepata homa tangu Jumatatu jioni. Baadaye nilimwuliza, na niliuliza vibaya, nilipiga kelele: kwa nini hukujibu? Hukuijua sauti yangu?

"Nilikujua," akaniambia. "Nilijua hata viatu byako. Mais nikasema, labda bako nyuma yako na bunduki. Papa Tamar alisema hapana kujibu hata bakiita na majina."

Nifanyeje na jibu kama hilo? Alikuwa anamtii mume wake, na alikuwa ananihurumia mimi.

Maji yaliisha Jumanne usiku. Watu wanne, mmoja ana homa anatapika kila akinywa, lita kumi ni nini? Walikuwa na chumvi magunia manane, sukari, biskuti, sabuni kufika kwenye dari. Cha kunywa hakuna. Masika alipanda juu ya ballot akajaribu bati kwa kisu cha jikoni mpaka kisu kikavunjika. Phinées alikuwa ananyonya nguo iliyokuwa na unyevunyevu. Mvua ilipiga juu ya bati Jumatano asubuhi, mvua kubwa, na waliisikia yote ikishuka nje kwenye njia. Tamar alitoa kidole chini ya mlango akailowesha ncha, akampakaa Sifa midomoni. Alifanya hivyo asubuhi nzima.

Sasa sikilizeni jambo la Jumatano hiyo hiyo, kwa sababu hapo ndipo ninaposhindwa kusamehe haraka.

Wanajeshi walipofika Beni walimwachilia Siméon asubuhi, miguu imevimba, hana kiatu. Mama mzee mmoja wa mtaa wa Bungulu, Kanyere, alimchukua nyumbani kwake akamwosha miguu kwa maji ya chumvi. Mjukuu wa mama huyo alikuwa na phonie, ile mashine ya kusemea hewani ambayo wafanyabiashara wetu wanaitumia kuulizana bei. Alikuwa ameifukia jikoni, chini ya kuni, wasiiibe. Alimwonea huruma Siméon. Akaitoa, akaunganisha betri.

"Kuko mutu Butembo anakamata mawasiliano saa ine," akamwambia. "Sema haraka. Unataka baambiwe nini?"

Siméon alifungua mdomo aseme: mke wangu na watoto wamefungiwa, vunjeni mlango. Kisha akakumbuka kwamba phonie haina siri. Ukisema Beni, wanasikia Butembo, wanasikia Lubero, wanasikia kila mwenye mashine na kila aliyesimama karibu naye. Akajiona anatangazia nchi nzima kwamba katika avenue fulani kuna duka zima limejaa, ndani kuna mwanamke na watoto tu. Aliniambia haya mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa. "Nikajisemea: kesho barabara itafunguka, nitarudi na funguo. Nikajisemea: maji bado iko."

Akasema tu: "Mumuambie Mama Godelive wa dispensaire, Siméon iko muzima, iko Bungulu. Asalimie batu ba nyumba."

Basi. Hayo tu.

Muyisa, mwenye phonie wa hapa Butembo, aliniletea ujumbe huo saa sita mchana, umeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya sigara. Nilishukuru. Sikushangaa hata kidogo; watu waliokuwa wamechukuliwa kubeba mizigo walikuwa wengi. Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikasema Issaka akirudi na Masika kutoka mashambani nitampa, atafurahi. Nilikuwa nimesimama njiani mbele ya kadenasi ile wakati nasema hivyo.

Alhamisi mji ulikuwa kimya. Wanajeshi walikuwa wamekwisha kwenda zao na waliokuwa wanawafukuza hawajafika. Watu wakaanza kutoa vichwa. Saa tatu asubuhi nilikuwa napita na ndoo kutoka bombani, nikasikia mtu ananiita kutoka ardhini.

"Mama Gode. Mama Gode."

Niliweka ndoo chini. Sauti ilitoka chini ya mlango wa chuma.

"Ni miye Tamar. Papa alikataza tujibu. Mais Sifa hapana kukamata maji tena. Na mama iko nalala tu."

Sikumbuki nilichopiga kelele. Muyisa alikuja, na fundi wa kuchomelea wa kwenye kona akaja na nondo yake. Ndugu zangu, mlango ule uliotengenezwa kwa woga mwingi namna hiyo uliwachukua wanaume wawili muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Fundi alitia nondo kwenye kadenasi, akakandamiza mara mbili, ikaanguka.

Masika alikuwa chini, midomo imepasuka. Phinées alinyakua ndoo yangu akatumbukiza uso wote. Sifa alikuwa amelazwa juu ya ballot, amefunikwa kitenge kipya ambacho bado kina karatasi ya kiwanda. Mwili wake ulikuwa wa moto na mkavu, macho yameingia ndani. Nilimpa maji kwa kijiko yakatoka pembeni mwa mdomo. Nikambeba nikakimbia. Sijui umri wangu ulikuwa wapi siku ile, nilikimbia.

Melchior alitafuta mshipa mkononi, hakuupata. Alitafuta mguuni, kichwani. Mwishowe akaupata, akaweka serum, yale maji ya dripu, akaanza kinini. Sifa alifungua macho mara moja akanitazama. Saa tisa alikufa.

Melchior ni mtu mpole, hasemi maneno mengi. Alitoa sindano, akafunga mkono wa mtoto bendeji kana kwamba utapona, kisha akasema, "Kama ingekuwa jana." Hakuwa ananilaumu. Lakini kinini kile alichompa kilitoka katika mfuko ule ule niliopita nao mlangoni kwao siku ya Jumanne.

Tulimzika Ijumaa, watu kumi na wawili tu, kwa sababu wengine walikuwa bado porini. Issaka alirudi siku hiyo hiyo akakuta tunatoka makaburini. Aliketi kwenye ngazi ya lori lake akalia mbele ya watu. "Aliweka muguu kwa gurudumu," alikuwa anarudia. "Miye niliona, aliweka muguu."

Siméon alifika Jumatatu iliyofuata, juma zima tangu aondoke, anatembea kwa fimbo, miguu imefungwa vitambaa. Nilikuwa nimekaa na Masika dukani. Mlango ulikuwa wazi, umepinda. Aliposimama pale kizingitini, macho yake yalikwenda kwanza kwenye rafu. Kidogo tu, muda wa kupumua mara moja. Lakini niliyaona yakienda, na Masika aliyaona.

Vitu vyote vilikuwa pale. Hakuna mwanajeshi aliyewahi kuingia avenue yetu, hakuna jirani aliyekuja kuvunja.

"Batoto bako wapi?" akauliza.

Masika hakusimama. "Bintu byako byote biko," akamwambia. "Hata sabuni moja haikupotea. Angalia muzuri, umalize. Kiisha ndio uulize ya batoto."

Phinées akatoka chumbani, Tamar nyuma yake. Siméon akawatazama wote wawili, akatazama nyuma yao, akaendelea kutazama mlango ule wa chumbani ambao hakuna mwingine aliyetoka. Hapo akavua kamba shingoni. Aliushika ufunguo kiganjani kama mtu aliyeombwa kitu asichonacho, halafu akauweka chini mbele ya Masika. Nilitoka nje. Kuna mambo ambayo jirani hapaswi kuyatazama.

Waliendelea kuishi pamoja, ikiwa mnataka kujua. Watu wetu hawaachani kirahisi. Lakini Masika hajalala tena ndani ya nyumba ile mlango ukiwa umefungwa, na Siméon anaketi kizingitini mpaka asubuhi ili mkewe aweze kulala. Tamar hajibu anapoitwa mara ya kwanza. Inabidi uende umguse.

MAFUNZO

Mlitaka funzo, haya, ingawa sijui kama mtalishika.

Usimfungie mtu. Hata saa moja, hata kwa nia njema, hata kama umeahidi kurudi saa sita. Katika vita hakuna mwenye saa sita yake mkononi. Siméon hakutaka kuua. Alitaka kulinda, akachanganya cha kulindwa na cha kulindia, akawaweka wanawe walinde chumvi.

Kadenasi ile haikumdanganya mwizi. Mwizi akitaka kuingia anapiga risasi kwenye kufuli. Waliodanganyika ni sisi tuliokuwa na maji na dawa. Kwa hiyo ukijificha, au ukikimbia, mwachie jirani mmoja neno la kweli: tuko wangapi, tuko wapi. Mmoja tu. Ukiona huna hata jirani mmoja wa kumwamini, basi lori likija panda, kwa sababu nyumba hiyo haikufai tena.

Lori likija, watoto kwanza, kisha maji, kisha dawa ya homa na kadi zao. Ukiwa na mkono wa ziada, chukua sufuria. Na ukipata nafasi ya kusema, kwa phonie au kwa mpita njia, sema jambo lote. Usifiche shida yako kwa kuogopa kwamba watasikia wabaya. Watasikia na wema, na wema ni wengi zaidi. Mimi nimewaona, walikuja na nondo.

Na kwa wanawake wenzangu nasema hivi, bwana akisikia akasirike: kuna amri ambayo haitiiwi. Mtoto akiungua homa na amri inasema nyamaza, piga kelele. Tamar alikuwa na miaka kumi na moja, na yeye peke yake katika nyumba ile ndiye aliyefanya lililo sawa. Alichelewa kwa sababu sisi wakubwa tulimfundisha kutii kabla ya kumfundisha kuokoka.

Mimi pia nina langu. Niligonga, nikaita, nikakubali kimya kuwa jibu. Siku hizi sikubali. Nikisikia kitu nyuma ya mlango uliofungwa naita wanaume, tunavunja, tukikosea naomba radhi. Nimeshaomba radhi mara mbili.

Sasa vita vya pili vimekuja, na waliokuwa wanatulinda jana leo hatujui wanamlinda nani. Wiki hii milio imesikika tena upande wa kaskazini. Jana jioni nilimwona Lusenge, kijana wa watu aliyehamia kwetu mwaka jana na mke na mapacha, ananunua sokoni kufuli mpya ya mlango wake. Sikumwambia kitu, nilikuwa nimechoka, nikaenda zangu. Nimeandika karatasi hizi usiku kucha badala yake, na sasa naona kuandika hakutoshi. Kumekucha. Navaa viatu, nakwenda kumwita nje mkewe, na sitaondoka mlangoni kwao mpaka anijibu.